Tupeane uzoefu: Waliotembelea Salzburg, Austria, tupiteni wapi?

Mtoto wa Chumbageni:
Wakuu, salaam. Mama anakuja kunitembelea hapa Munich mwezi wa saba, nataka nimpeleke Salzburg. Treni ya kawaida hutumia chini ya masaa mawili, na tiketi ya siku ya Bayern, jimbo la huku Munich, inakufikisha mpaka stesheni kuu ya kule. Ila magoti yake yanamsumbua. Mliofika, nini kiliwagusa?

Mpanda Vilima:
Mkuu, ngome ya Hohensalzburg usimnyime kwa sababu ya magoti. Kuna treni ndogo ya kamba inayopanda mlimani tangu 1892. Ngome ilianza kujengwa 1077, enzi za Askofu Mkuu Gebhard. Mji huu ulitawaliwa na maaskofu wakuu, na utajiri wao mwingi ulitoka kwenye chumvi. Ukiwa juu unauona mto Salzach ukipita katikati ya mji, ukigeuka unakutana na milima ya Alpi. Vyumba vya ndani vina ngazi, mama apumzike uani. Na mbebe pasipoti, treni za kurudi Ujerumani polisi hukagua.

Mama Wawili:
Mimi nasema Hellbrunn, na sibadilishi! Ni kasri la starehe la Askofu Mkuu Markus Sittikus, lilijengwa 1613 hadi 1615. Bustanini kuna meza ya mawe iliyozungukwa na viti vya mawe. Mwongozaji aliwaomba watu wakae, watoto wangu wakawahi. Ghafla maji yakaruka kutoka kwenye viti vyenyewe! Kiti kimoja tu ndicho kikavu, cha mwenyeji. Mbele kidogo kuna mji mdogo wa vinyago zaidi ya 100, maseremala, wachinjaji, wanamuziki, wote wanaendeshwa na maji. Kinanda kinalia hapohapo ili kufunika kelele za mitambo. Wanangu hawakutaka kuondoka.

Sauti ya Tatu:
Kama mama ni mtu wa kwaya, mpeleke misa ya Jumapili Kanisa Kuu. Mtunzi wa muziki Mozart alibatizwa humo 28 Januari 1756, siku moja baada ya kuzaliwa, na kisima cha ubatizo bado kipo. Bomu liliangusha kuba mwaka 1944, kanisa likafunguliwa tena 1959. Parokiani kwetu tuliimba wimbo wake wa Ave Verum miaka mingi, kwa hiyo kusimama pale machozi yalinitoka. Nyumba aliyozaliwa, Getreidegasse namba 9, mwezi wa saba hujaa mno na ina ngazi. Kwa magoti hayo mwonyesheni kwa nje, pamoja na mabango ya chuma ya maduka ya mtaa ule, kazi ya mikono safi sana. Mkilala huko wekeni nafasi mapema, tamasha kubwa la muziki huanza mwezi huohuo wa saba na vyumba hupanda bei.

Mtoto wa Chumbageni:
Asanteni sana. Mama ni sauti ya pili tangu ujana wake, misa haikwepeki. Dada Mama Wawili, Hellbrunn tunafikaje?

Mama Wawili:
Basi la mji, kaka. Nunueni Salzburg Card, inalipia basi, ngome na treni yake, na Hellbrunn yenyewe. Bustani ya Mirabell ni bure na tambarare, anzeni hapo mkitoka stesheni. Na mama abebe kanga ya kubadili, kule maji hayachagui mtu mzima!