Mjadala: Viwanda vya Kwala, nani akae mezani?

Mkazi wa Mbezi
Wakuu, salaam. Tangu bandari kavu ya Kwala izinduliwe 2025 nina jambo linanikaa kooni. Makontena yanashushwa Dar. Yanapelekwa Kwala, wilaya ya Kibaha. Lori likienda kwa barabara linakunja Vigwaza, na Vigwaza ni Chalinze. Viwanda vya pale vikijaa, wafanyakazi wengi watapanga Mbezi na Kibamba, yaani Ubungo. Hiyo ni mikoa miwili, Pwani na Dar, na kila mkurugenzi anavutia ngozi kwake. Hoja yangu: halmashauri zote zinazoguswa ziwe na bodi moja, zigawane mapato na gharama. Kwenye maji tumeweza. DAWASA inachota Ruvu, mkoa wa Pwani, na inahudumia Dar na Kibaha pamoja. Tukiwaachia wenzetu wa Pwani peke yao, pale patageuka magenge ya mihogo. Karibuni tujadili.

Mjukuu wa Mlandizi
Nilikuwa nakuunga mkono mpaka nilipofika kwenye mihogo. Mama yangu amekaanga mihogo stendi miaka 19. Mafuta yakimrukia anajifuta na kanga, anageuza vipande, anaendelea kuhudumia. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilitoka kwenye karai lile. Kama kuna walioharibu Pwani ni nyinyi wa Dar, mnaokuja Jumamosi na gari, mnanunua ekari kwa bei ya baiskeli, mnachimbia nguzo nne na kurudi mjini.

Fundi wa External
Mnagombania mihogo, hela zenyewe za kugawana ziko wapi? Sheria ya EPZ ya 2002, ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ilimsamehe mwekezaji kodi na tozo za halmashauri kwa miaka 10. Halmashauri isipopata ushuru, hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inapungua. Mimi nakaa Mabibo, ukuta kwa ukuta na eneo la viwanda la Mkapa. Jioni geti likifunguliwa mabinti wa cherehani wanamiminika, wengine bado wana vipande vya uzi begani. Wanaishi watatu chumba kimoja. Maji yao, taka zao, wagonjwa wao, vyote vinabebwa na mtaa. Kabla ya bodi, semeni kwanza bodi itakula nini.

Mzee wa Tandale
Bodi ya pamoja tulishakuwa nayo. Ilikuwa Halmashauri ya Jiji la Dar, ikavunjwa 2020. Haikuwa na kata hata moja, madiwani wake walitoka manispaa. Vikao na posho, basi. Mnataka kuirudisha kwa mlango wa Kwala?

Dada wa Kigamboni
Shikamoo mzee wangu. Ilivunjwa Februari 2021, si 2020. Hadhi ya jiji ikapewa Ilala, sisi wengine tukabaki manispaa. Lakini kuvunja chombo hakukufuta kazi yake. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko Ilala na linapokea taka za manispaa nyingine pia. Mtu wa Pugu akitaka kulalamikia taka zilizotoka kwangu, aende kwa diwani gani? Wa kwake hana mamlaka kwangu, wa kwangu hatafuti kura zake. Kwala itakuwa hivyo hivyo.

Mzee wa Tandale
Marahaba mwanangu. Tarehe umenisahihisha, lakini posho hujaigusa.

Dada wa Kigamboni
Naigusa sasa. Wakae mara nne kwa mwaka, nauli tu, mahesabu yabandikwe ofisi ya kata. Mzee, mimi si mtetezi wa posho. Usinipe shati lisilo langu.

Mkazi wa Mbezi
Mjukuu, umenigusa kwenye ardhi na lazima nijibu. Mimi nina ekari mbili Soga. Mwenye shamba alitaja bei mwenyewe, nikalipa mbele ya viongozi wa kijiji, na karatasi ninazo. Sijamdhulumu mtu.

Mjukuu wa Mlandizi
Alitaja bei akiwa na mgonjwa wodini. Babu yangu aliuza hivyo hivyo. Treni ya SGR ilipoanza kusimama Soga, aliyenunua akauza kipande kidogo tu, akarudisha hela yake yote. Babu bado anapita pale na baiskeli, haangalii upande ule. Usiniambie habari za karatasi.

Fundi wa External
Jamani, miaka 10 ya msamaha. Hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Mkazi wa Mbezi
Fundi, nakuja kwako. Mjukuu, kwanza neno la mihogo nalifuta. Nilikosea, na mama umfikishie samahani zangu. Lakini hili la bodi unalikubali au unalikataa?

Mjukuu wa Mlandizi
Nitamfikishia. Bodi nakubali, ila mwenyekiti wa kijiji awe mjumbe kamili mwenye kura. Asiwe mtu wa kuitwa siku ya kuweka jiwe la msingi. Sasa na wewe nijibu: hizo ekari zako mbili ziko upande gani wa reli? Kuna kina mama wanalima mihogo kwenye eneo lenye nguzo nne, huu msimu wa tatu, na kila wakiuliza mwenyewe ni nani hakuna anayemjua.