Maduka matatu na stoo Kariakoo: faiba, antena za paa kwa paa, au laini za simu?

Spea_Mchikichini
Wakuu, heshima kwenu. Nina maduka matatu ya spea na stoo moja, yote Kariakoo na jirani yake. Programu ya mauzo ipo kwenye seva ya duka kubwa, na kila tawi linaingia kwa ruta ya laini ya simu. Laini ikizingua tunaandika kwenye daftari, halafu binti wa kaunta anakesha kuingiza upya. Nataka mtandao wa uhakika na mwingine wa akiba. Fundi mmoja ananiambia faiba, mwingine antena. Nichukue ipi?

Swichi_Mbovu
Mkuu, umekuja hospitali mgonjwa umemwacha nyumbani. Duka hadi duka ni mita ngapi? Ukipanda paa la moja unaliona la pili? Umeme ukikatika, hiyo seva ina betri?

Fundi_Antena
Antena, usisumbuke. Jozi ya antena za mawimbi ya gigahezi 60, moja kila paa, kwa umbali wa Kariakoo inakupa kasi ya faiba, na mwisho wa mwezi hudaiwi na mtu.

DadaWaRuta
Gigahezi 60 na masika? Yale matone makubwa ya Aprili yanakula mawimbi hayo. Mita 200 au 300 utapona. Ukizidi sana, weka na ya gigahezi 5 pembeni, hiyo mvua haiitishi sana. Tatizo lake ni kwamba Kariakoo kila paa lina antena ya 5, mnagombania chaneli kama makondakta na abiria.

Karani_Mstaafu
Ngoja niwasimulie. Nilikuwa ofisi moja yenye maghala mawili Barabara ya Nyerere. Bosi alikuwa mjanja, akachukua faiba kwa kampuni mbili tofauti, bili mbili kila mwezi, akatamba kwamba sisi hatuzimiki. Siku moja katapila likachimba pembeni ya barabara, saa tano asubuhi, vyote viwili kimya. Tukapiga simu kampuni ya kwanza, wanasema faiba imekatwa. Ya pili, hivyo hivyo. Nikatoka na fundi wao hadi kwenye shimo: mtaro mmoja, na ndani yake bomba moja. Kampuni ya pili ilikuwa imekodi nyuzi kwa ya kwanza! Siku mbili madereva wamelala chini ya malori wakisubiri karatasi za mzigo, na bili zote mbili tulilipa. Kwa hiyo kabla hujasaini, waambie wakuonyeshe njia waya unapopita, kwa miguu, siyo kwenye karatasi.

Fundi_Antena
Ndiyo maana nasema antena. Hewani hakuna katapila.

DadaWaRuta
Hewani kuna maghorofa, kaka.

Swichi_Mbovu
Jambo moja watu wanachanganya: intaneti na mtandao wa ndani. Ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti kutoka nje, zilipopata hitilafu, mteja wangu mwenye antena aliendelea kuuza, maana seva yake ipo hapahapa mjini. Jirani yake ambaye programu yake ipo kwenye seva ya nje ya nchi alifunga duka.

Spea_Mchikichini
Samahani wakuu, nilikuwa na wateja. Maduka mawili yanatazamana, katikati ni barabara tu. La tatu lipo Msimbazi, kama mita 350. Stoo ipo Gerezani, sijapima. Betri ipo kwenye seva peke yake. Hayo mawili si nivute tu waya wa kawaida juu ya barabara?

DadaWaRuta
Usithubutu! Waya wa shaba kati ya majengo mawili, radi ikipiga jirani unapoteza swichi zote mbili, vile visanduku vya kugawa mtandao. Hapo vuta faiba, ni kioo, haipitishi umeme. Ila kuvuka barabara utaulizwa kibali. Na betri weka kila ncha, antena bila umeme ni sahani tu. Zile ruta za laini usiziuze, ziache ziwe akiba.

Swichi_Mbovu
Na usifunge njia mbili kwenye swichi za bei chee zisizojua kuzuia mzunguko. Data itazunguka mpaka mtandao wote ugande.

Karani_Mstaafu
Wenye nyumba je? Wa kwangu aliona kale kabomba ka antena akaanza kudai kodi ya paa.

Fundi_Antena
Mwambie ni ya kisimbuzi.

Karani_Mstaafu
Mambo hayo ndiyo yanafanya mafundi wasiaminike.

Spea_Mchikichini
Nipo juu ya paa la stoo sasa hivi. Duka la Msimbazi naliona, lakini katikati kuna nondo za jengo jipya, wapo ghorofa ya nne. Kuna anayejua litaishia ya ngapi?

DadaWaRuta
Muulize mama ntilie anayewapikia mafundi pale. Huyo anajua kuliko mhandisi.