Bunduki ya marehemu mzee: namba ya kitabu, ya kompyuta na ya kwenye chuma hazifanani, naanzia wapi?

Mangi_Kiboriloni
Wakuu habari za asubuhi, nipo Moshi naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Mzee wetu alifariki mwezi wa pili akaacha shotgun ya mitutu miwili ya kizamani sana, alikuwa anafukuzia ngedere na nguruwe pori kwenye shamba la mahindi kule tambarare, tangu nipo mdogo naiona juu ya kabati imefungwa kwenye gunia. Mimi ndo kitinda mimba kwahiyo nyumba na kihamba vimeniangukia mimi, na siku ya kuanua matanga ukoo ukasema na bunduki ni yangu. Sikutaka ujanja, siku ya tatu baada ya mazishi tumeipeleka kituoni mimi na bro na mjumbe, ikapokelewa, tukaandikishiana. Hapo freshi.

Kimbembe nimeenda kufuatilia kumilikishwa. Afande kafungua kitabu cha mzee cha miaka ile, kina namba ya tarakimu tano. Kwenye kompyuta jina la mzee lipo ila namba ni nyingine kabisa, inasemekana ndo iliyoandikwa kwenye uhakiki wa silaha wa 2016. Kuleta bunduki yenyewe, afande kageuza geuza kaona namba ya tatu! Akanitazama kama mimi ndo jambazi, ananiuliza "kijana, mzee wako alikuwa na bunduki ngapi?" Nimerudi nyumbani nimechoka. Sasa wakuu hapa naanzia wapi?

chalii_wa_ngarenaro
Mpe afande hela ya soda mambo yaishe, unasumbuka bure.

Mangi_Kiboriloni
Soda kwenye ishu ya silaha? Hapana asee, nina watoto.

Porini_UsaRiver
Pole na msiba mangi. Mimi niko kwenye uwindaji wa kitalii mwaka wa kumi na tano sasa, hii nimeiona sana na wala sio jambazi wewe wala mzee wako. Bunduki za Kiingereza za zamani zina maandishi kibao, ukifungua mitutu ukaitoa kwenye kitako, chini yake pale bapa unakuta mihuri ya majaribio ya Birmingham au London, ukubwa 12, urefu wa chemba labda 2½, halafu kuna namba ya patenti, na ndo humo humo ipo namba yenyewe ya bunduki. Karani anayehakiki watu mia kwa siku hafungui kitu, anasoma namba ya kwanza inayong'aa anaandika. Mara nyingi anakuwa kaandika namba ya patenti, ambayo ipo kwenye kila bunduki ya aina hiyo iliyotoka kiwandani, kwahiyo kwenye kompyuta bunduki kumi za watu kumi zinaweza kuwa na namba moja na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Namba ya kweli kwa kawaida inajirudia, ipo kwenye mitutu na ipo kwenye chuma cha katikati, wakati mwingine hata kwenye kile kipande cha mbao cha mbele. Zikifanana ndo hiyo. Usiende kusugua wewe, omba afande anayeshika ghala la silaha aifungue mbele yako, kitambaa na mafuta kidogo tu inasomeka. Sisi hapa uwanja wa ndege wa KIA tumewahi kukaa na mgeni wa uwindaji masaa manne kisa herufi O imeandikwa kama sifuri, raifo ipo mezani, karatasi zipo mezani, mgeni analia.

Dada_Sakina
Naongezea hapo kwenye mirathi maana watu wengi wanachanganya. Ukoo kukupa bunduki hakukufanyi mmiliki, leseni ni ya mtu sio ya bunduki, mzee akifa na leseni yake imekufa. Kwahiyo fungua kwanza mirathi mahakamani, msimamizi apatikane, halafu wewe unaomba kama mwombaji mpya kabisa chini ya sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, unaanzia serikali ya mtaa. Sisi tulichelewa kwa sababu barua ya mtendaji ilikuwa na jina langu la ubatini na NIDA ina la ndoa, wiki sita zimeenda hapo. Na kila karatasi unayopeleka baki na kopi yenye muhuri, usiachie oriji.

MtoroWaMachame
Msidhani ni Bongo tu. Mimi niko Kanada, huku walipitisha sheria 1995 kila bunduki ndefu isajiliwe, wakaambiwa ada zitalipia karibu gharama zote, serikali itaongezea kama dola milioni 2 tu. 2002 mkaguzi mkuu akasema inaelekea kupita bilioni moja. Fomu zimejazwa ovyo, bunduki nyingine za zamani hazina namba kabisa mpaka wakawa wanatuma stika watu wabandike wenyewe, stika kwenye bunduki jamani! 2012 wakaufuta usajili wa bunduki ndefu, wa bastola ukabaki.

chalii_wa_ngarenaro
Stika kama ya bima ya bodaboda hahaha

Porini_UsaRiver
@Mtoro ndo maana mimi napenda ile ya kugonga alama mpya kwenye chuma chenyewe, ile iliyomo kwenye itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya nchi za ukanda wetu kuhusu silaha ndogo. Ikigongwa imegongwa, haibanduki.

Mangi_Kiboriloni
Wakuu mrejesho. Nimeenda jana, nikamkuta afande mtu mzima wa ghalani, mstaarabu sana, kaifungua kwa dakika mbili. Porini ubarikiwe, ya kwenye kompyuta ni ya patenti kweli, imeandikwa PAT mbele yake kabisa! Ya kwenye mitutu na ya katikati zimefanana, na zimefanana na kitabu cha zamani isipokuwa tarakimu ya mwisho, kitabuni 1 kwenye chuma 7. Afande kacheka, anasema huyo karani wa zamani 7 yake ilikuwa haina kofia. Kapiga picha, kaandika maelezo, faili linaenda Dar kurekebishwa, ameniambia nisihesabu siku. Mirathi naanza Jumatatu.

Ngedere nao wana taarifa kuliko sisi, jana wameshuka mchana kweupe wamemaliza mistari mitatu ya mahindi mabichi, mmoja amekaa juu ya mparachichi ananiangalia tu.

Dada_Sakina
Nunua mbwa kwanza mangi.