Maziwa ya Nyayo: yalikuwa yakitiwa nini?

Mtoto wa Birikani

Hamjambo wenzangu. Ndugu yangu mdogo yuko Doha, mwaka wa kumi na moja huu. Desemba anarudi, na juzi kwenye simu nikamuuliza tumpikie nini siku ya kwanza. Nilidhani atasema pweza, au mbaazi za nazi na mahamri. Akasema, "Kaka, nitafutie maziwa ya Nyayo." Akacheka, lakini mimi namjua, pale hakuwa na mzaha.

Kwa vijana ambao hawakuyakuta: kuanzia 1979, Moi akiwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, serikali iligawa maziwa bure shule za msingi. Ya KCC, kampuni ya maziwa ya Kenya, pakiti ya mililita 200, umbo la sambusa. Kwetu Voi lori likionekana tu hesabu imekwisha, hakuna anayesikiliza tena. Mnapanga mstari, kiranja anagawa, mwalimu wa zamu kasimama na kiboko. Unang'ata pembe moja, unatema kikaratasi, unafyonza. Ukimaliza unaipuliza pakiti mpaka ijae upepo, unaiweka chini, unairukia kwa miguu miwili. Paa! Zidisha hiyo mara watoto mia tatu.

Mimi yangu nilikuwa sinywi. Mwaka 1986 nilikuwa darasa la tatu na huyu mdogo hajaanza shule, basi naitia ndani ya shati nampelekea. Jua la Voi saa saba mnalijua. Alikuwa akinisubiri chini ya mwarobaini, hanisalimu, ananipapasa tumbo kwanza. Kuna siku alipata mbili, moja akaificha kwenye kabati la mama, nyuma ya leso za sikukuu, ati akiba. Panya akaitoboa. Mama alizifua zile leso mara tatu na bado zilinuka. Mpaka leo ukimtajia hiyo habari anakunja uso.

Sasa swali. Nimenunua maziwa ya muda mrefu ya kampuni tatu tofauti, nimeonja yote. Ni maziwa tu. Yale yalikuwa na kitu ndani yake, kama utamu ulioshika moto kidogo. Yalikuwa yakitiwa nini? Na msiniambie ni utoto tu, hiyo nimeshaambiwa na mke wangu.

Bi Mkubwa Kaloleni

Kaka, mimi sikuyapenda hata siku moja. Yangu nilikuwa nabadilisha kwa embe bichi la chumvi na pilipili. Pakiti moja, maembe mawili, na aliyenipa maembe alijiona kanipunja! Mpe ndugu yako pweza.

Mzee wa Krimu

Nimefanya kazi kiwanda cha maziwa miaka kumi na tisa, nikujibu. Hayakutiwa chochote. Maziwa ya aina hiyo hupashwa moto hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache tu, kisha hufungwa kwenye pakiti isiyo na kijidudu. Ndiyo sababu yaliweza kusafiri mbali bila friji. Moto huo unavuruga protini na kutoa harufu kidogo ya salfa, hiyo ndiyo "kushika moto" unayoisema. Yakikaa siku kadhaa harufu hiyo hupungua. Lakini yakihifadhiwa penye joto inakuja nyingine, kwa kuwa sukari ya maziwa na protini huanza kushikana, kama vile maziwa yanavyogeuka rangi ukiyachemsha muda mrefu. Yenu yalipigwa na joto njia nzima, na wewe ukamalizia kwa tumbo lako. Hayo unayoonja sasa yametoka kwenye rafu ya supamaketi yenye kiyoyozi.

Jaribu hivi: chukua pakiti moja, usiifungue, iache juani kama wiki. Ikivimba au ikivuja, tupa, usinywe.

Na lile umbo halikuwa urembo. Ni bomba la karatasi linalobanwa upande huu, kisha linabanwa tena kwa kukingama, basi linajikata lenyewe kuwa na pande nne. Waswidi walianza nalo 1952 kwa krimu. Karatasi haipotei. Ila kuzipanga kwenye sanduku la mraba, balaa.

Wa Himo

Samahani naingilia, mimi ni mtu wa upande wa Tanzania. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Shangazi yetu alikuwa ameolewa Taveta, na alipokuja kututembelea alileta pakiti sita ambazo wanawe walimkusanyia. Miaka hiyo sisi sabuni na sukari ni vya kupangia foleni. Baba aliigeuza-geuza ile pakiti mkononi akauliza inasimama vipi. Ya kwanza tulikata kwa wembe, watoto watano tukagawana kwa kijiko. Sikumbuki ladha. Nakumbuka kijiko, na dada yangu akikihesabu kwa sauti.

Mtoto wa Birikani

Nimerudi na matokeo. Mzee wa Krimu, pakiti ilikaa juu ya bati la banda la kuku siku tisa, haikuvimba wala kuvuja. Rangi sikuona tofauti. Nilipoonja nilisimama kidogo, lakini mimi si shahidi mzuri, maana yangu nilikuwa sinywi.

Basi nikamimina bilauri mbili, moja ya dukani na moja ya juani, nikampelekea mama barazani bila kumwambia lolote. Ya kwanza aliinywa yote akashukuru. Ya pili aliinusa, akaiweka chini, akaniuliza kama kabatini kumeingia panya.

Nimenunua pakiti kumi na mbili. Ziko batini.