Ramani ya matokeo ya uchaguzi: ya rangi moja, ya kukolea au ya maduara, ipi inafaa?

Mwl_Shangani
Wakuu habari za jioni. Nafundisha jiografia na uraia hapa Mtwara mjini, nataka niwaonyeshe vijana wa kidato cha nne matokeo ya 2015 kwa ramani maana nikibandika jedwali wanasinzia. Nimejaribu aina tatu. Ya kwanza kila jimbo napaka rangi ya chama kilichoshinda basi. Ya pili rangi inakolea kadiri asilimia ya mshindi inavyopanda. Ya tatu naweka duara juu ya kila jimbo, ukubwa wake ni idadi ya kura. Kila moja naona ina lake, nyie mngechukua ipi na kwa nini?

KoroshoGhafi
Ya kwanza mkuu, usijitese. Mtoto anaangalia mara moja tu anajua nani kachukua wapi. Ubunge 2015 huku kusini CUF walibeba Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na Kilwa zote mbili, CHADEMA wakabeba Ndanda, yaliyobaki CCM. Ipake hivyo hivyo.

Fundi_Liwale
Hapo hapo ndo penye tatizo ndugu yangu. Mimi mtu wa Liwale, wilaya yetu peke yake inakula zaidi ya nusu ya mkoa wa Lindi lakini 2015 kipande kikubwa kilikuwa pori la Selous, huko hakuna hata kituo kimoja cha kupigia kura. Sensa ya 2012 tulikuwa watu 91,380. Mtwara Mjini walikuwa 108,299 na wamebanana kwenye kilomita za mraba 163. Sasa angalia ramani yako, Liwale imejaa macho yote alafu Mtwara Mjini unaitafuta kwa ncha ya kalamu, mtoto ataondoka anaamini Liwale ndo wengi. Mimi nasema maduara.

Mdau_Nachingwea
Naunga mkono maduara. Majirani Kenya 2022 ilikuwa vile vile, Marsabit ina kilomita za mraba kama 71,000 na wapiga kura waliojiandikisha hawakufika hata 170,000, Kiambu haifiki kilomita za mraba 3,000 ila ina wapiga kura zaidi ya milioni 1.2. Uchaguzi wenyewe ulikuwa Ruto 50.49 na Raila 48.85, yani nusu kwa nusu, ila ukiangalia ramani ya rangi moja huoni kabisa kwamba watu walikaribiana hivyo. Na Marekani 2016 ramani yao karibu nchi nzima nyekundu ya Trump wakati kwa kura za watu Clinton alimzidi kwa zaidi ya milioni 2.8.

KoroshoGhafi
Sawa nimewaelewa kwenye urais, maana urais kura zote zinaingia kapu moja. Ubunge je? Jimbo ni jimbo, Liwale mbunge mmoja na Mtwara Mjini mbunge mmoja, hapo duara kubwa na dogo la nini?

Ramani_Lindi
Hoja nzuri hiyo. Kwa ubunge wenzetu Uingereza wanachora kila jimbo kigae kimoja cha pembe sita, vyote saizi moja, vinapangwa kufuata umbo la nchi kwa mbali. Kwa urais maduara. Ila mwalimu zingatia mambo mawili. Moja, duara linapimwa kwa eneo sio kwa kipenyo, kura zikiwa mara nne kipenyo kinakuwa mara mbili tu, ukikuza kipenyo mara nne umeshaongopa tayari na watu wengi wanakosea hapa. Pili, mipaka ya wilaya sio ya majimbo, halmashauri ya Masasi vijijini ina Ndanda na Lulindi ndani yake, na Newala 2010 ilikuwa jimbo moja ila 2015 ikawa Mjini na Vijijini, kwa hiyo ukitaka kulinganisha miaka unganisha kwanza Newala mbili ndo upige asilimia. Kazi yote unafanya kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni ya bure.

Mama_Mikindani
Mwalimu na wanafunzi watapewa karatasi au projekta? Nauliza kwa sababu mwaka jana nilitengeneza ramani nzuri ya kukolea kwa ajili ya semina, kijani na bluu, nikaenda kutoa kopi 40 steshenari, zikatoka kijivu tupu. Kijani cha kukolea na bluu ya kukolea huwezi kutofautisha, nikakesha naandika majina ya vyama kwa mkono kwenye kila karatasi. Chama kimoja weka mistari, kingine acha rangi tupu, hata mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani atasoma. Na jingine naomba sana, usiwasahau ambao hawakupiga. 2015 kitaifa walijitokeza asilimia 67.34 ya waliojiandikisha, ina maana karibu theluthi nzima haionekani kwenye ramani hata moja kati ya hizo tatu zako.

Mwl_Shangani
Asante mama, hilo la kopi limeniokoa kabisa kwa sababu projekta hatuna. Basi nafanya hivi, urais maduara, ubunge vigae, na hao wasiojitokeza nazungushia ukingo mweupe kwenye kila duara, eneo lake kulingana na idadi yao. Watachora wenyewe kwenye manila kwa bikari ili wapige hesabu ya eneo kwa mikono yao. Kuna kitu kimoja kimenikwamisha, QGIS inaniwekea duara la Liwale katikati ya jimbo, yani porini kabisa.

Ramani_Lindi
Inafuata kitovu cha umbo, lihamishe kwa mkono.

Fundi_Liwale
Lilete Liwale mjini mwalimu, karibu na barabara ya Nachingwea. Watu ndo tuko huko.