Helmeti ya mlinda wiketi: ya kupigia, isiyo na ukingo, au kinga ya uso tu?

Nyuma_ya_Stampu:
Habari wakuu. Mimi ni mlinda wiketi wa kriketi, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira. Msimu huu tumepata warushaji wawili wa spini (mipira ya polepole inayozunguka), kwa hiyo karibu mechi nzima nimechuchumaa hatua moja nyuma ya stampu, vile vijiti vitatu vya wiketi. Hadi sasa navaa helmeti ile ile ninayopigia.

Juzi stampu za mpigaji zilipigwa, beili (kijiti kidogo kinacholazwa juu ya stampu) ikaruka ikanigonga kwenye grili (nondo za mbele ya uso), usawa wa shavu. Nilisikia mlio tu. Nilipoiokota nikaijaribu kwenye nafasi za grili, na ncha yake ikaingia bila kugusa popote. Tangu hapo sina amani.

Naona njia tatu: nibaki na hii ya kupigia, nichukue helmeti ya walinda wiketi isiyo na ukingo wa mbele, au nivae kinga ya uso peke yake, ambayo ni nyepesi. Waliotumia zaidi ya moja naomba mnisaidie.

KochaMzee:
Kijana wangu, shukuru Mungu grili ilikuwepo. Mark Boucher wa Afrika Kusini hakuwa nayo. Ilikuwa Julai 2012, mjini Taunton, wakicheza na Somerset. Mrushaji wao Imran Tahir akaangusha wiketi, beili ikampata Boucher kwenye jicho la kushoto. Hakuichezea tena timu ya taifa.

Usidhani ni beili tu. Saba Karim wa India aliumizwa jicho la kulia na mpira wenyewe mwaka 2000 kule Dhaka, akiwa amesimama karibu na stampu kwa mipira ya Anil Kumble. Kumble alikuwa mrushaji wa spini. Watu wanasema spini ni polepole, wanasahau kwamba mpira ukigusa ukingo wa gongo la mpigaji au ukiruka vibaya chini, mlinda wiketi hana hata muda wa kupepesa.

Dada_Glavu:
Nimetumia zote tatu, nitasema nilichokiona.

Ya kupigia imetengenezwa kwa mtu aliyesimama wima. Ukichuchumaa unainua kidevu ili uangalie mbele, na hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, ukingo wa mbele unakukatia mipira inayopanda, hasa ile inayorushwa kwako kutoka mbali uwanjani. Pili, nyuma ya helmeti inagusa mabega na kuisukuma yote mbele, ukingo unashuka usoni. Ukiwa umefunga na kinga ya shingo ndiyo zaidi. Nilikuwa nairudisha juu kwa glavu kila baada ya mpira, hadi siku moja nikakosa kustampu mtu (kumtoa kwa kuangusha stampu akiwa nje ya mstari wake) kwa sababu mkono ulikuwa kichwani.

Isiyo na ukingo iliniondolea hayo yote. Grili yake inaanzia juu ya paji la uso na unaona juu bila kujipinda. Siku mbili tatu za mwanzo nondo zilinichanganya kwenye mipira ya miguuni, baadaye macho yakazizoea.

Kinga ya uso peke yake niliiacha. Ni nyepesi kweli na joto halikusumbui, lakini kichwa kiko wazi. Mpigaji akizungusha gongo kufagia, gongo linakuja nyuma hadi kwako. Hilo ndilo lililonitoa.

Spini_Kushoto:
Dada, hapo kwenye kinga ya uso naomba tupingane kidogo. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja mwenye shingo nyembamba, helmeti nzito inayoyumba ni hatari pia. Mwongozo wa bodi ya kriketi ya Uingereza, ECB, unawataka walinda wiketi wa chini ya miaka 18 wanaosimama karibu na stampu wavae helmeti yenye grili au kinga ya uso ya mlinda wiketi. Vyote viwili vinakubalika.

Kwa mtu mzima nakubaliana nawe kabisa.

KochaMzee:
Kwa watoto mimi bado nasema helmeti kamili, ila iwe saizi yake. Helmeti ya kaka yake iliyojazwa sponji siikubali. Tena waangalie lebo ya ndani: kiwango cha Uingereza cha helmeti za kriketi, BS 7928:2013, kinapima kama mpira unapenya kwenye grili, na mpira wa watu wazima unapimwa kivyake na ule mdogo wa watoto kivyake. Helmeti iliyopimwa kwa mpira mkubwa pekee haimfai mtoto anayechezea mdogo.

Nyuma_ya_Stampu:
Kocha, hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Lebo ya yangu inazungumzia mpira. Beili je? Ni nyembamba kama kidole.

Dada_Glavu:
Ndiyo maana mimi huenda kuchagua helmeti nikiwa na beili mfukoni. Beili nzima haizidi sentimita 10.95, lakini ncha yake ndefu ni sentimita 3.49 na ndiyo inayotangulia ikikujia wima. Ivae, mwenzako aisogeze beili taratibu kwenye kila nafasi iliyo mbele ya macho, uone inafika wapi. Uchukue ile ambayo nondo zake zimekaribiana usawa wa macho na ziko mbali na ngozi. Na usibadilishe grili kwa ya kampuni nyingine, hata kama skrubu zinaingia.

Spini_Kushoto:
Niongezee: sheria za kriketi za 2017 zinaruhusu vifaa vinavyozuia beili kuruka mbali. Muulize nahodha wenu, mazoezini mnaweza kuzifunga kwa uzi.

Na kama mashindano yenu yanafuata masharti ya ICC, baraza la kriketi la kimataifa, tangu Juni 1, 2023 helmeti ni lazima kwa mlinda wiketi anayesimama karibu na stampu. Wakija warushaji wa kasi ukarudi nyuma na kuivua, iweke chini nyuma yako, mstari mmoja na stampu. Mpira ukiigusa hapo mnatozwa mikimbio (pointi) 5.

Nyuma_ya_Stampu:
Asanteni sana. Leo nimejaribu mbili zisizo na ukingo, nikachuchumaa nazo robo saa kila moja, beili mkononi. Ya grili ya chuma cha pua nondo zake zilikuwa zimekaribiana zaidi usawa wa macho, ya titani ilikuwa nyepesi lakini ncha ikapita hadi kwenye nyusi. Nimechukua ya chuma cha pua. Jumamosi naivaa mazoezini, na ile ya zamani nabaki nayo kwa kupigia.