Boa wa miti wenye pete hapa Lubumbashi: niwapoze mwezi gani ili wazae?

Kamalondo_77
Jambo wandugu. Nina jozi ya nyoka, boa wa miti wenye pete (Corallus annulatus), wote wamezaliwa kwa mfugaji. Jike ana miaka 5, dume 4. Sanduku ni la tripleksi (mbao nyembamba za kubandikwa), sentimita 60 kwa 60, kwenda juu 90. Hita ya seramiki ya wati 80 iko juu ya wavu na ina kidhibiti joto. Mchana nyuzi 28, usiku 24. Maelekezo ya Ulaya yanasema shusha joto kuanzia Novemba, lakini Novemba hapa ndiyo mvua inaanza na joto bado lipo. Nifuate kalenda ipi? Na umeme ukikatika saa nane usiku mwezi wa saba, nafanyaje?

Fundi_Katuba
Hiyo kalenda waachie wenyewe. Novemba ni mlango wa baridi yao. Baridi yetu ni Juni na Julai.

Piga hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Boa huyu hatagi mayai, anazaa watoto hai, na mimba ya Corallus huchukua kama miezi 6 hadi 7. Wakipandana Desemba, watoto watashuka Juni au Julai: baridi, vumbi jekundu, hewa kavu mpaka midomo ya watu inapasuka. Mtoto wa boa wa miti ni mwembamba kama kalamu na anakaukiwa maji haraka. Gamba la kwanza analojivua litamng'ang'ania mkiani na hatakula. Wakipandana Julai, watoto wanakuja Januari au Februari, mvua imekolea, unyevu unaupata bure.

Mlo wa mwisho uwe mwanzoni mwa Mei. Subiri wiki 2 au zaidi mpaka wote wawili wametoa mavi. Ukishusha joto panya akiwa bado tumboni, anaoza humo badala ya kusagika, na nyoka anatapika. Boa wa miti akitapika mara moja, kumrudisha kwenye kula ni kazi ya wiki nyingi.

Kisha punguza usiku nyuzi 1 kila siku 3, kutoka 24 hadi 21. Chini ya 20 usiende. Mchana iwe 27. Wengi wanakosea hapa, wanawapoza kutwa nzima. Kinachotakiwa ni tofauti ya mchana na usiku, kwa wiki 6 hadi 8.

Dume muingize baada ya wiki 3, jioni, kwenye sanduku la jike. Siku 4 au 5 pamoja, siku 3 mbali, halafu tena. Wakiwa pamoja usilete chakula hata kidogo: meno yao ya mbele ni marefu, na harufu ya panya inatosha kumfanya mmoja amng'ate mwenzake. Dume akiwa tayari utamwona anatambaa juu ya mgongo wa jike akimkwaruza kwa vile vikucha viwili vya pembeni mwa tundu la haja, kisha mikia inaning'inia chini ya tawi imesukana. Wanaweza kukaa hivyo saa nyingi. Ndiyo maana tawi lifungwe kwa skrubu pande zote mbili. Likizunguka, wanaachana. Unene wake uwe kama wa kiwiliwili cha nyoka au pungufu kidogo.

Jike akianza kukaa karibu na hita, akakataa kula, na theluthi ya mwisho ya mwili ikavimba, mtoe dume na urudishe usiku 24. Mwachie pembe moja ya nyuzi 30 au 31 ajichagulie. Mimba ikikosa joto, unaweza kupata watoto waliopinda uti wa mgongo.

Docta_Wanyama
Mkubwa Fundi amesema vizuri, ila maji ameyaruka, na maji ndiyo yanayoua kiangazi.

Miezi mingine unapuliza maji sandukuni jioni, kwa sababu hawa hutembea usiku na hunywa matone kwenye mwili wao. Wiki za kupoza, geuza: puliza asubuhi joto likiwa linapanda, na saa sita mchana mbao ziwe zimekauka. Nyuzi 21 na sanduku lililolowa ni nimonia. Dalili ni mlio kama filimbi akivuta hewa, povu mdomoni, kichwa kuinuliwa juu muda wote. Ukiona hivyo mwaka huo kupoza kumekwisha: nyuzi 28 hadi 30 usiku na mchana, na umwite daktari.

Halafu utitiri. Chunguza kidevu na ukingo wa macho kwa tochi kabla ya kuwaunganisha. Vidoa vyeusi vinavyotembea ndivyo hivyo. Boa mgeni akae chumba kingine miezi 6, si wiki 3, kwa ajili ya ule ugonjwa wa virusi vya arena. Boa anaweza kuubeba kimya muda mrefu, kisha anaanza kutapika na kupotosha shingo kuangalia juu. Hauna dawa.

Karatasi pia. Boa wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Huyu wako yuko Kiambatisho cha II, boa wa Madagaska wako cha I. Tunza kibali cha wazazi na daftari la tarehe. Bila hivyo watoto hawavuki mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia kihalali.

Sola_Ruashi
Najibu la umeme. Hita ya wati 80 yenye kidhibiti, kwenye sanduku lililozibwa vizuri, huwaka kama nusu ya muda. Saa 10 za usiku ni wati-saa 400. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1,200, lakini usiinywe zaidi ya nusu, na konvertisa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) nayo inakula kama asilimia 15. Unabaki na 510. Inatosha usiku mmoja, sanduku moja. Sanduku lisilozibwa, hita haipumziki: 800, betri imekufa kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo anza na frigoliti (lile povu jeupe gumu la kufungashia vitu) ya sentimita 4, mgongoni, ubavuni na juu, kwa nje. Ndani inayeyuka karibu na hita. Matundu ya hewa usiyafunike.

Huna betri? Vidumu 2 vya lita 5, maji ya nyuzi 60, vimefungwa kwa kitambaa, chini ya sanduku. Lita 10 zikipoa kutoka 60 hadi 25 zinatoa karibu wati-saa 400 zilezile. Maji yachemshie nje. Mbabula, jiko la makaa, isiingie chumba hicho: moshi usioonekana utakumaliza wewe kabla ya nyoka.

Kamalondo_77
Aksanti sana wakubwa. Wakizaliwa 10, nawalisha nini? Panya weupe sokoni ni kubahatisha.

Fundi_Katuba
Panya wa kukamatwa nyumbani usiwape, huenda wamekula sumu, na wana minyoo. Zalisha mwenyewe. Mimba ya panya mweupe mdogo ni siku 19 hadi 21. Watoto 10 wa boa wakila kichanga kimoja cha panya kila wiki, unahitaji kama 40 kwa mwezi, basi weka majike 6 na madume 2, kuanzia Oktoba.

Kila mtoto kwenye kopo lake, kijiti cha milimita 5, karatasi laini yenye unyevu. Usimpe kitu kabla ya gamba la kwanza, wiki 1 hadi 2. Kisha usiku, taa zimezimwa, kichanga kilichopashwa moto kwenye kibanio. Akikataa mara tatu, kisugue kwenye mjusi wa ukutani kipate harufu yake. Porini wengi wa jamii hii huanza na mijusi. Akikataa hata hapo, mguse taratibu mkiani kwa kichanga hichohicho mpaka ang'ate kwa hasira, halafu usitikisike hata kidole.